Nambari ya Kumpigia Baba

Kizuizini, Amerika
12 Januari 2025

Dada yangu Mueni,

Pokea salamu wewe, shemeji Kitheka na watoto, na mbuzi pia kama bado mnao. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na nimejifunza kucheza karata na wazee wawili wa Honduras ambao hatuna nao hata neno moja la kuelewana. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kikamba tulikisema tu, kukiandika hatukufunzwa, na Kiingereza si lugha ya kumwandikia dada.

Najua umeshangaa kupata barua ya karatasi kana kwamba tuko enzi za babu. Simu yangu ilichukuliwa Novemba, siku waliponikamata nikitoka kazini. Nimefungiwa kwa kukaa nchini bila karatasi. Nilichelewa kukuambia kwa aibu, si kwa kukusahau. Usilie, humu tuko wengi.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Unakumbuka alichosema Baba kaburini kwa Mama, mwaka ule nilioshindwa kuja. Nilijua nikitoka huku sitaruhusiwa kuingia tena, nikakaa. Ni wewe uliyeniambia maneno yake: “Asiyekuja kumtupia mamake udongo asipate pa kutua mguu.” Watu wa huku nikiwaeleza kiumo, laana ya mzazi, ni nini watanicheka. Wewe hutacheka. Neno la mzazi likishamfunga mtoto, haliondolewi na mwingine ila aliyelisema, kwa mdomo wake, na mtoto akisikia. Hakimu akinirudisha Kenya nitaingia boma gani nikiwa na maneno hayo mgongoni? Hata wewe utaogopa kunifungulia mlango.

Simu ya ukutani humu haipigi Kenya. Inapiga nambari za Amerika tu. Lakini nimesikia kuna nambari za bure za intaneti. Unaweka programu kwenye simu yako, unachagua nambari ya Amerika, na mtu akiipiga inaita popote ulipo, hata hapo Mwala. Unapokea na kutuma ujumbe bure. Nitafutie moja, dada, niipige iite mkononi mwa Baba. Sina ombi lingine duniani.

Ni mimi mdogo wako,
Muema

Mwala
20 Februari 2025

Mwana wa mwaitu, mwana wa mama yangu,

Barua yako ilifika mwisho wa Januari, imefunguliwa na kubandikwa tena kama viatu vya Baba mdogo Mwanzia. Nililia, kwa hivyo kuniambia nisilie ulipoteza wino. Halafu nikakasirika. Miezi miwili nakupigia simu haiingii, nakutukana moyoni kwamba umekuwa Mzungu, kumbe umefungwa!

Huku tunaendelea. Mvua ya Novemba ilikuja siku tisa ikachoka. Mahindi yalifika magotini yakasimama hapo kututazama. Mbaazi ndizo zimetustahi. Bwawa la mchanga bado lina maji ukichimba, ila punda wetu amevunjika mguu na sasa punda ni mimi. Cherehani haijalala, watoto wa shule lazima wavae. Baba yupo. Anakula.

Kuhusu nambari, nilienda Machakos mjini kwa Hidaya, yule mwenye duka la simu karibu na msikiti, niliyemshonea gauni la arusi. Tuliweka programu, ikauliza niko wapi, ikanikataa. Hidaya akasema, “Hii kitu inataka mtu ako huko huko. Inataka itume kodi, zile namba za siri, kwa simu ya Amerika kwanza, ndio ijue wewe si mwizi.” Nikamwambia mwenye simu ya huko amefungiwa. Akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Ana kaka anaitwa Jamal, anaishi Minnesota. Tukamwomba tutumie simu yake kupokea hiyo kodi atusomee. Jumapili ya kwanza Jamal alikuwa amelala. Ya pili alitusomea, lakini mtandao ukapotea na kodi ikaisha muda. Ya tatu, ya juzi, Mungu alikuwa macho. Tuliletewa orodha, nikachagua nambari inayoishia na mwaka aliozaliwa Mama. Nimekuandikia nyuma ya karatasi hii, kwa herufi kubwa.

Hidaya amenionya: “Vitu vya bure viko na masharti. Ikikaa tu bila kutumika, wanaichukua wanapea mtu mwingine. Ukuwe unapigia Jamal hata mara moja moja.” Nimemwahidi.

Baba nilimwambia jioni ile ile. Alikuwa anapukuchua mbaazi. Alimaliza ungo mzima ndipo akajibu, “Ako na mdomo. Aseme mwenyewe.” Kwa mtu kama Baba hilo ni nusu ya ndiyo, na wewe unajua.

Hujaniambia kesi inasemaje.

Dada yako anayekuombea akikusema,
Mueni

Kizuizini
30 Machi 2025

Dada Mueni,

Salamu kwa wote, na pole kwa punda, wa miguu minne na wa miwili. Habari za viatu vya Baba mdogo zilinichekesha kwa sauti mpaka mlinzi akaja kutazama. Mmoja wa wale wazee wa karata aliondolewa wiki jana. Hatukuagana.

Nambari nimeipeleka ofisini. Humu hupigi nambari ambayo haijaandikwa kwenye orodha yako na kukubaliwa, na kukubaliwa ni wiki kadhaa. Kwa hivyo tuweke siku ya mbali, barua hii iwahi kufika: Jumapili tarehe 11 Mei, saa nne asubuhi yangu, ambayo kwenu ni saa kumi na mbili jioni. Usikosee, kwa sababu mpokeaji akikataa simu, nambari inafutwa kwenye orodha na unaanza upya.

Mimi mwenyewe sijawahi kupiga humu. Wenzangu wanasema ukipiga, unaambiwa utaje jina lako, kisha unangoja kimya mpaka mtu wako apokee. Ni hivyo tu. Mfundishe Baba kupokea.

Nimeandika nitakayomwambia. Naanza na Mama. Nitamwambia kwamba siku ya mazishi nilikaa chooni kazini tangu asubuhi mpaka mchana, nikasema naumwa tumbo. Halafu nitamwomba. Nayasoma kila siku ili nisikwame.

Kesi, hakimu bado.

Wako,
Muema

Kizuizini
11 Mei 2025

Dada,

Natumaini mko salama. Leo sina salamu ndefu.

Nilipiga saa nne kamili. Nikaambiwa nitaje jina, nikasema “Muema.” Karatasi yangu ilikuwa mkononi. Nikangoja. Ilikuwa kimya kabisa kwa muda mrefu, labda dakika moja, labda mbili, halafu mashine ikaniambia kwamba simu haikukubaliwa. Nilibaki nimeshika mkono wa simu mpaka aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega.

Baba amenikataa, Mueni. Nimeelewa. Alitaka nijue kwamba yupo, ameshika simu, na hanitaki. Usimwombe tena kwa ajili yangu, usije ukagombana na mzee bure. Nambari imeshafutwa. Sitaiomba tena.

Msalimie Kitheka na watoto.

Muema

Mwala
14 Mei 2025

Mwana wa mwaitu,

Leo nakuandikia nikiimba! Watoto wananiuliza nina nini. Kitheka anakusalimu, amepata kibarua cha kujenga tanki Katangi. Mbuzi wamezaa, watatu, mmoja mweusi tii. Hata mvua ilinyesha juzi, ya aibu aibu, lakini ilinyesha.

Sijui nianzie wapi kukueleza upande wetu. Jumapili Baba alioga mchana. Alivaa lile koti lake la arusi, ingawa mabega yamebaki ya mtu mwingine. Mwenyewe, bila kuambiwa, akaniagiza, “Niletee kibuyu na maji ya kunywa.” Muema, wewe unajua maana ya kibuyu! Nikampangusia kigoda karibu na ghala, maana hapo ndipo mtandao hukaa. Nilikuwa nimemfundisha siku tatu kubonyeza kijani, akawa ananifokea kwamba yeye si mtoto. Ilipoita akabonyeza vizuri kabisa. Halafu akaniambia, “Wewe umeolewa. Haya si ya masikio yako. Enda kule kwa mbuzi.”

Nikaenda. Maneno sikuyasikia, lakini sauti niliisikia. Alisema, akanyamaza, akasema tena kwa nguvu, kama anavyosema mbele ya wazee. Alipomaliza nilirudi. Akaniambia, “Nimemaliza,” akaingia ndani kulala.

Sitakuuliza mliambiana nini, hayo ni yenu. Nataka tu uniambie jambo moja: sauti yake umeionaje? Bado ina nguvu, sivyo?

Dada yako mwenye furaha,
Mueni

Mwala
22 Juni 2025

Muema,

Tuko hai. Watoto hawajambo. Yule mbuzi mweusi amekufa.

Barua zetu zilipishana njiani. Yako niliisoma nimesimama posta, nikakaa chini pale pale sakafuni, karani akadhani nimefiwa. Nilienda moja kwa moja kwa Hidaya, naye akampigia Jamal, na Jamal akamuuliza rafiki yake ambaye ndugu yake aliwahi kufungiwa kama wewe. Hivi ndivyo ilivyo. Mtu akipokea, hakuti wewe. Anakuta mwanamke wa mashine anayeongea Kiingereza: una simu kutoka mahali fulani, kutoka kwa fulani. Hapo kwenye “fulani” ndipo wanaweka sauti yako ikitaja jina. Kisha anasema, ukikubali, bonyeza tano. Usipobonyeza anarudia, halafu anakata.

Tano, Muema. Mimi hicho Kiingereza ningekielewa. Nilikuwa kwa mbuzi.

Nilimfundisha kijani, sikujua kuna tano. Wewe hukuniambia kwa sababu hukujua, na yeye alinifukuza kwa sababu ndiyo desturi. Sasa nimlaumu nani? Najilaumu mimi, nimeshazoea kubeba.

Nilimweleza Baba, nikamwomba arudie. Akasema, “Mimi si redio.” Nimemwomba tena mara nne. Baba mdogo Mwanzia naye alimwomba mpaka chai ikapoa. Lakini wewe usiwe na shaka, alikubariki. Mtu havai koti la arusi ili amlaani mtoto.

Kuna jambo nimekuficha. Tumbo la Baba limevimba tangu Krismasi. Daktari alitaka apelekwe Nairobi, akakataa. Sasa hanyanyuki bila kushikwa. Omba nambari irudishwe kwenye orodha, mwana wa mwaitu, omba leo hii. Piga Jumapili yoyote saa ile ile. Nitakaa naye hapo hapo hata akinifukuza kwa fimbo, na tano nitaibonyeza mwenyewe.

Mueni

Kizuizini
3 Agosti 2025

Dada Mueni,

Salamu kwako na kwa wagonjwa na wazima. Pole kwa mbuzi. Barua yako ya furaha ilinifika Juni nikadhani umerukwa na akili, lakini niliiomba nambari tena siku hiyo hiyo. Ya pili ilipofika ndipo nikaelewa.

Nilipiga Jumapili tarehe 27 Julai. Safari hii simu ilikubaliwa mara moja, nikaanza kulia na kusoma karatasi yangu kwa Kikamba. Mama, choo, msamaha, vyote. Nilipomaliza, mwanamke akaniambia kwa Kiingereza kwamba hakuelewa hata neno. Mtoto alikuwa analia nyuma yake. Hiyo nambari ni yake, amepewa wiki mbili zilizopita. Alikubali akidhani ni ndugu yake, jina langu hakulisikia kwa kilio cha mtoto. Hakuniwekea simu chini, aliniuliza kama anaweza kunisaidia kwa lolote. Nikamwambia hapana, asante. Ndiye mtu pekee aliyekubali simu yangu katika nchi hii, na simjui jina.

Sikulaumu. Najua ulikuwa na mgonjwa.

Na mimi nilikuficha. Nilipokuandikia kwamba hakimu bado, hakimu alikuwa ameshaamua. Nimetia sahihi ya kurudishwa. Siku hawasemi, wanakuamsha tu na kukuambia uvae. Huenda ikawa Septemba au Oktoba.

Kwa hivyo nakuuliza jambo moja, na nakuomba kwa kaburi la Mama usinipambe. Shangazi Ngina alipoondolewa kiumo chake mimi nilikuwepo, mdogo. Baba alikunywa maji ya kibuyu akayatema kifuani pa shangazi, ndivyo kiumo kinavyotoka, na nilikumbuka uliposema aliagiza kibuyu. Barua yako ya Mei inasema aliagiza, haisemi kitu kingine. Ya Juni haikitaji kabisa. Yale maji yalipungua? Simu ilikuwa imelowa? Kama yalipungua, nitakuja Mwala moja kwa moja na nitapiga magoti langoni. Kama hayakupungua, nitabaki Syokimau kwa Bartholomew niliyesoma naye, na boma la Baba sitalikaribia. Sitaki kuwaletea watoto wako balaa.

Nijibu haraka.

Muema

Mwala
9 Septemba 2025

Mwana wa mwaitu,

Nakusalimu. Kitheka yupo, watoto wapo, cherehani ipo. Baba hayupo. Alifariki tarehe 19 Julai, Jumamosi asubuhi, nikimshika kichwa. Tumemlaza kando ya Mama. Pole sana, ndugu yangu. Siku uliyomlilia yule mwanamke, Baba alikuwa na siku nane tangu atutoke.

Nambari niliiacha ikalala. Hidaya alinipigia mara mbili kunikumbusha nitume hata ujumbe, nikasema kesho. Kesho ilikuwa ya kumgeuza Baba, ya kumwosha, ya kuchota maji. Nilipoifungua baada ya matanga haikuwa yangu tena. Hilo nitajuta mpaka nife.

Umeniomba nisikupambe. Nimekaa na barua yako siku sita nikijaribu kudanganya. Niliandika kwamba maji yalipungua, nikaichana. Niliandika kwamba sikumbuki, nikaichana pia. Ningekuwa naogopa kwa ajili yangu tu, ningedanganya. Lakini ungeingia langoni ukiamini, na kama lingekupata jambo ningekuwa nimekuua mimi.

Kibuyu kilikuwa kimejaa mpaka shingoni. Simu ilikuwa kavu. Yale maji niliyanywa mimi, nilikuwa na kiu.

Hata sababu ninayo. Wiki moja kabla hajafa nilimuuliza kwa nini hakunywa. Alikuwa na akili zake zote. Akasema, “Nilingoja aniombe. Alitaja jina yake tu, halafu akaniwekea mwanamke Mzungu aniombee. Nikamwambia huyo mama, wachana na hii, mwambie mwenyewe aseme. Akarudia yake. Nikamwambia tena, mpaka nikapaza sauti. Akaninyamazia.” Nikamwambia, “Baba, hiyo ni mashine, haina mtu.” Akanitazama kama anavyomtazama mtoto mwongo. “Mashine inajua jina ya mtoto yangu? Nilisikia sauti yake.” Ndiyo, alisikia sauti yako, Muema. Alikuwa ameshavaa koti, maji yalikuwa mkononi, alikuwa tayari, akasikia neno moja.

Nilimpigia magoti. Nilimwambia una karatasi nzima ya kuomba, unaisoma kila siku. Akageukia ukuta. Mtu alijivunia kutosema mara mbili maisha yake yote, na hakubadilika kwa ajili ya kufa. Nampenda na nimemkasirikia, na hakuna wa kumwambia lolote kati ya hayo mawili.

Baba mdogo Mwanzia nilimuuliza kama yeye anaweza kukuondolea. Alikataa kwa machozi. “Maneno ya marehemu ni ya marehemu. Mimi nikiyagusa yatashika watoto wangu.” Amefunga lango la boma kwa miiba ili usilipite, naye mwenyewe huingilia upande wa nyuma. Mama mkwe wangu naye amesema, hata kabla sijauliza, kwamba kwake hutalala. Kitheka hakumpinga mamake, na ni mtu mzuri. Baki Syokimau. Nitakuja kukuona huko kila nitakapoweza, tukae barazani kwa huyo Bartholomew kama wageni wawili.

Lakini sijui kama barua hii itakukuta. Huenda wamekuamsha tayari, uko njiani na hujui lolote, unadhani kunyamaza kwangu ni kheri. Kwa hivyo nimehamishia cherehani njia panda ya bwawa, pale lazima upite ukija nyumbani. Nashona hapo tangu asubuhi mpaka giza, kila siku, na macho yangu yako barabarani. Ukiniona nimeacha cherehani nakukimbilia nikipunga mikono, usidhani nakuja kukupokea.

Dada yako,
Mueni